Ua wa Mzee Tobias

11 Januari

Dada Amalie, nisamehe. Daftari hili ulinikabidhi mwenyewe pale gatini mwezi wa kumi, ukaniambia niandike kila siku, hata mstari mmoja, kisha nikutumie lote barafu ikikaribia kuvunjika, ulisome kama vile tumekaa jikoni kwa Mama. Leo ndiyo kwanza nalifungua. Miezi mitatu. Ningekudanganya kwamba wino uliganda, lakini unanijua. Nikikaa tu, nalala. Nililala juu ya ukurasa wa kwanza Salik akiwa ananyonya, ukaloa maziwa, nikauchana.

Nilikuja kwa majuma sita, unakumbuka. Baba mkwe alivunjika mguu, Aqqalu wangu yuko baharini kwenye meli ya kambamiti mpaka mwezi wa tano, na mbwa kumi na wanne hawawezi kuambiwa wasubiri mguu wa mtu uunge. Mguu umeunga, ila umeunga upande. Mzee Enok anafika barazani kwa fimbo, anarudi. Kwa hiyo anayelisha ni mimi, Salik mgongoni ndani ya koti la kubebea, shoka mkononi, na mbele yangu vichwa vya samaki vilivyoganda kama mawe.

Hilo naliweza. Tumekulia kwenye kondoo, kazi haijawahi kunitisha. Kinachonitisha ni kimoja tu: Tobiasine na ule ua wa mbwa. Mbwa unayemjua wewe ni yule wetu wa kondoo, anayelala chini ya meza na kulamba watoto. Hawa ni wa kuvuta sleji juu ya barafu, na hawachezewi. Kila mmoja ana mnyororo wake, umefungwa kwenye pete ya chuma mwambani, na kila mnyororo umechora duara lake kwenye theluji. Ukipita nje ya maduara uko salama. Mtoto akianguka ndani ya duara, wanamwona kama kitu kilichotupwa. Watoto wa huku hulijua hilo kabla ya kujua kuhesabu. Tobiasine ana miaka minne, amekulia kusini, na anaamini kila mwenye mkia ni rafiki yake.

13 Januari

Nimelisha. Nimefua nepi. Zimeganda kwenye kamba, nimeziingiza ndani kama mbao.

16 Januari

Nilijua itakuwa hivi tangu Tobiasine anazaliwa, lakini kujua ukiwa mbali na kuishi nayo ni vitu viwili. Ana jina la marehemu Mzee Tobias, baba yake Mzee Enok, aliyefariki majuma matatu kabla sijajifungua. Basi katika nyumba hii Tobiasine si mjukuu. Ni baba. Asubuhi Mzee Enok anamuuliza, "Umeamkaje, Baba?" naye anajibu bila haya, "Nataka sukari." Na anapewa. Nani atamnyima? Mwenye jina la marehemu hagombezwi na watu wa marehemu.

Na kwa kuwa nimemzaa baba yake, mimi ananiita Bibi. Ana miaka sitini na sita, mimi ishirini na tano. Leo nimemwambia asimpe mtoto sukari kabla ya chakula, akamwinamia Tobiasine akamnong'oneza, "Tunyamaze, Baba. Bibi leo hana mzaha."

Nikacheka. Nilikuwa sijacheka tangu Krismasi.

19 Januari

Nimekosea, na aliyelipia ni mbwa. Tangu nije nilikuwa naanza kulisha na yule mwembamba wa mwisho, kama sisi tunavyoanza na mwanakondoo dhaifu. Leo Regine, jirani yetu, aliwafungua kuwapeleka kwenye nyaya zake za kuvulia samaki chini ya barafu, maana mbwa wasipokimbia huharibika. Hawajafika hata ufukweni, wote wakamrukia yule mwembamba. Sikio limechanika katikati. Regine aliwatenganisha kwa mti wa mjeledi, hana hata haraka, kisha akaja kuniuliza ninamlisha nani kwanza.

Mzee Enok hakunigombeza. Alinieleza kwamba anayekula kwanza ni Mkubwa, kisha Kijivu, yule jike anayeongoza, kisha wengine kwa zamu wanayoijua wenyewe. Nikimpendelea mdogo mbele ya wakubwa, nimemponza. Nikamuuliza na huyo Mkubwa anakaa juu mpaka lini. Akasema mpaka aache mwenyewe au aachishwe, na akiacha mwenyewe ua mzima hulala vizuri.

20 Januari

Nimeanza na Mkubwa. Kimya kabisa.

28 Januari

Leo nimewakuta. Nilikuwa nimetoka dukani. Mzee Enok amekaa barazani na fimbo yake, na kule chini, katikati ya ua, Tobiasine yuko peke yake na mfuko wa dagaa wakavu, anamrushia Kijivu mmoja mmoja. Hatua mbili kutoka kwenye duara la Mkubwa.

Sikupiga kelele. Nilishuka, nikamnyanyua, nikapanda naye mpaka ndani, ndipo nikakaa naye sakafuni.

Nilimuuliza Mzee kwa nini alimruhusu. Akasema aliomba. Nikasema watoto huomba mengi. Aliniangalia kwa mshangao wa kweli.

"Ni ua wake, Bibi. Nitamkataza vipi baba yangu asiingie kwenye ua wake?"

Nilizungumza sana. Alikubali kila neno. Alikubali kwamba ni mdogo, alikubali kwamba ni hatari, alisema hata yeye moyo ulikuwa unamwenda mbio. Kisha akaongeza, kunituliza, kwamba mtoto anazijua njia zote kati ya maduara, kwa sababu amemfundisha mwenyewe tangu mwezi uliopita. Hapo ndipo nilipoogopa hasa.

Nimefunga kamba kwenye kitasa cha mlango, juu, ambako Tobiasine hafiki.

4 Februari

Jua limerudi baada ya majuma mengi ya giza. Limekaa juu ya mlima muda wa kunywa kikombe kimoja, likaondoka. Watu walipanda kilimani wakavua kofia. Tobiasine naye alivua yake, akaliuliza jua lilikuwa wapi siku zote hizo. Mzee Enok akasema hayo ndiyo maneno ya baba yake hasa. Kila analosema huyu mtoto ni maneno ya baba yake hasa.

7 Februari

Salik anaota jino. Sikulala.

8 Februari

Wala leo.

15 Februari

Regine amekuja kunywa kahawa Mzee akiwa amelala, nikamuuliza kuhusu ule mjeledi uliotundikwa kwenye msumari juu ya mlango. Una vumbi, na Mzee anapoupita huinamisha kichwa, ingawa hauko chini kiasi cha kumgusa.

Ni wa Mzee Tobias. Regine anasema alikuwa mtu mgumu, mtaalamu wa mbwa kuliko wote kwenye ghuba hii ndefu ya fiordi, na hakuwahi kumwachia Enok ule ua. Mbwa alikuwa akiwaendesha Enok, akiwalisha Enok, akiwazika Enok, lakini kila asubuhi ilikuwa lazima apite kwanza kitandani kwa mzee kuuliza leo niwafunge kwenye sleji au nisiwafunge. Enok ana wajukuu, anauliza. Ana mvi, anauliza. Watu wengine wakizeeka huwaita wana wao, wakawakabidhi mjeledi mbele ya kahawa, mambo yakaisha. Tobias alikufa asubuhi ya Jumatatu, na neno lake la mwisho lilikuwa kuuliza kama Mkubwa amekula.

"Enok amewalisha miaka arobaini," Regine alisema, "na mpaka leo ni mgeni kwenye ua ule. Anausimamia tu mpaka mwenyewe arudi. Wewe ukaja naye umemshika mkono."

Nimeosha vikombe nikiwaza hayo. Nilikuwa nimemwona kama mzee asiyejali. Sasa sijui nimwone vipi. Lakini mtoto wangu ni mtoto wangu.

23 Februari

Nimemkuta Tobiasine tena. Safari hii alikuwa ukingoni, hajaingia, na Mzee nyuma yake akimsihi amwambie ni mbwa gani atakayekuwa mzuri mwakani. Kamba ya mlango ameifungua yeye, kwa sababu ameombwa. Nilimkalisha Tobiasine kwenye kiti, nikamshika mikono yote miwili, nikamwambia kwa sauti ambayo hajawahi kuisikia kwangu kwamba kule haendi. Alilia. Mzee Enok hakuweza kusikiliza, akatoka nje bila kofia.

Nimetuma jina letu mjini kwa redio. Helikopta ya tarehe 20 Machi, mtu mzima mmoja na watoto wawili. Nitandikie kile kitanda cha ukutani, Dada. Regine atawalisha mbwa mpaka Aqqalu arudi. Nimefanya niliyoweza.

1 Machi

Theluji.

2 Machi

Theluji. Sioni hata nyumba ya Regine. Nimewarushia chakula kutoka ukingoni.

3 Machi

Nitaandika yote mara moja ili yasinizunguke kichwani.

Theluji iliacha asubuhi. Hakuna upepo, weupe mtupu. Ua ulikuwa umefutika. Hakuna maduara, hakuna njia, hakuna hata mbwa. Hawa theluji ikiwaangukia hujikunja, pua chini ya mkia, wakaiacha iwafunike mpaka hujui yuko wapi. Ukitazama dirishani ungesema ni kiwanja kisicho na mtu wala mnyama.

Nilikuwa nambadilisha Salik mezani. Niliinua macho nikaona kofia nyekundu. Iko katikati ya ule weupe, na chini yake yuko Tobiasine na mfuko wake wa dagaa, anageuka huku na huku akishangaa mbwa wamekwenda wapi. Kisha nikaona mdomo wake ukifunguka. Alikuwa anamwita Kijivu.

Theluji ikainuka ikawa mbwa. Hapa mmoja, pale mmoja, kisha pande zote, kumi na wanne, wanajikung'uta, na wote wamesikia harufu ya samaki.

Nilimweka Salik sakafuni nikatoka kama nilivyo. Mzee Enok alikuwa mlangoni anavaa viatu. Fimbo yake ikanizuia kifuani.

"Usikimbie. Ukikimbia, watakimbia."

"Niachie."

"Hujui minyororo inaishia wapi. Mimi najua."

Ilikuwa kweli. Nimewalisha tangu mwezi wa kumi, na kila siku nilikuwa nafuata alama za theluji kwa macho. Leo hazikuwepo. Ningemkanyagia Mkubwa kwenye duara lake hatua ya tatu.

Tobiasine alikuwa amesimama, sijui kwa bahati gani, mahali ambapo hakuna mnyororo unaofika. Lakini ni padogo. Kushoto kwake Mkubwa alikuwa amenyoosha mnyororo mpaka unatetemeka. Angeinua mkono tu angemgusa pua. Kulia wako madume wawili vijana, wanarukiana kwa ajili ya ule mfuko. Nikaona uso wake unaanza kukunjamana. Nikaona mguu mmoja unainuka. Anataka kukimbia, na atakimbilia kwangu, na kati yangu na yeye kuna mbwa sita. Nikafungua mdomo.

"Usimwite," Mzee akaniambia kwa chini. "Akikusikia wewe atakuja."

Kisha akaita yeye. Dada, sijawahi kusikia sauti ile kwake. Haikuwa ya babu. Ilikuwa ndogo, kama ya mtoto aliyeachwa nyuma njiani.

"Baba."

Tobiasine akageuza kichwa.

"Baba, ni mimi mwanao. Siioni njia. Naogopa."

Ule mguu ukashuka.

"Nisubiri hapo hapo, Baba. Usisogee hata unyayo. Ukisogea nitapotea."

"Utakuja?" Kidevu kilikuwa kinamcheza.

"Nakuja, ila mguu wangu mbaya. Simama wima nikuone. Na wale dagaa wangu usimpe yeyote. Watie kifuani ufunge koti."

Alivua glavu kwa meno. Akautia mfuko ndani ya koti, akafunga kifungo, kisha cha pili, polepole, kama anavyofunga kila siku ulimi ukiwa nje. Wale vijana wawili wakapunguza kurukiana. Akanyooka.

"Usilie, Enok," akamwambia. "Nimesimama."

Mzee akashuka. Hakwenda moja kwa moja. Alipita mkono wa kulia pale ambapo mimi ningepita kushoto, akazunguka mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kuzunguka, akapita karibu na mgongo wa Kijivu mpaka koti likamgusa. Alikuwa anataja majina yao kwa sauti ya chini, mmoja baada ya mwingine. Katikati ya njia fimbo ikazama, akaenda chini kwa goti moja. Mbwa wote wakageuka. Niliuma mkono wangu, alama iko hapa naiona ninapoandika. Akasema tu, "Mkubwa," bila kupaza sauti, na Mkubwa akarudi nyuma hatua moja. Akajiinua.

Alipofika hakumbeba, asingeweza. Alimwambia, "Nishike mkanda, Baba, nisianguke tena." Wakarudi hivyo, yeye mbele anataja majina, Tobiasine nyuma ameshika mkanda kwa mikono miwili, anamwambia, "Polepole, Enok. Polepole."

Nilimpokea ngazini. Nilimshika kila mahali. Alikuwa na joto, mzima, ananuka dagaa. Aliniuliza kwa nini Salik analia, na kweli Salik alikuwa analia, nilikuwa sijamsikia.

Mzee Enok alikaa kwenye ngazi. Hapo ndipo nikaona kwamba alikuwa amewahi kuvaa kiatu kimoja tu. Mguu mbovu ulikuwa na soksi, na soksi imejaa theluji mpaka juu. Nilipiga magoti nikaivua nikaanza kumsugua vidole, na niliyokuwa nimeyaweka kifuani tangu Januari nikamwambia palepale, nikisugua. Alisikiliza. Alisema mtoto alimwambia anakwenda barazani tu. Alisema alijua si kweli, na mkono wake ukafungua kamba.

"Sikuweza, Bibi. Sijawahi kumwambia hapana maisha yangu yote."

"Baba yako alikuwa na miaka themanini na moja," nikamwambia. "Huyu ana minne. Jina ni lile lile. Miguu ndiyo mifupi."

Niliendelea kusugua mpaka vidole vikawa vyekundu, nikamshukuru Mungu kwa kila kimoja.

4 Machi

Tobiasine yuko hapa. Amelala mchana mzima akikoroma. Nimekaa karibu naye nikimenya viazi.

6 Machi

Nimemwambia Mzee rasmi kwamba tarehe 20 tunaondoka. Akasema sawa. Amekaa anashona glavu ya Tobiasine iliyochanika kwa meno. Hajaomba chochote. Afadhali angeomba.

8 Machi

Nimelisha. Mkubwa, Kijivu, wengine. Nikiwa pale na ndoo tupu nikawaza kwamba katika nyumba hii wanaojua nani yuko juu ya nani ni mbwa peke yao. Sisi watu tumechanganyikiwa. Mkubwa wetu alikufa bila kuacha, karudi ana miaka minne, na mwanawe bado anangoja mlangoni. Na mimi niliyemzaa mkubwa, cheo changu kimekuwa cha kuchekeshana wakati wa sukari.

9 Machi

Jumapili. Nilitandika kitambaa cha meza, nikawasha mishumaa, nikaoka keki ya zabibu kavu kwa zile za mwisho. Regine nilimwita awe shahidi, nikamwambia asicheke. Tobiasine nilimkalisha mwisho wa meza juu ya mito miwili.

Nilipomaliza kumimina kahawa sikuketi. Nilimwambia Mzee Enok kwamba tangu nije ananiita Bibi, na leo nitasema kama bibi wa nyumba hii, na nitasema mara moja. Akatabasamu, akidhani ni utani. Nikamgeukia Tobiasine.

"Tobias, mwanangu. Umefanya kazi miaka mingi, umechoka. Huyu Enok amekungoja tangu kijana. Ua wako na mbwa wako unampa, au humpi?"

Mzee akaweka kikombe chini. Tabasamu limekwisha. Hakuniangalia mimi, alimwangalia yule mtoto na mito yake miwili, na nakuambia Dada, uso wake ulikuwa wa kijana anayesubiri jibu.

Tobiasine alifikiri. Alikuwa na makombo ya keki kidevuni. Akauliza, "Na Kijivu?"

"Kijivu naye."

"Kijivu nitamwangalia."

"Kutoka barazani," nikasema.

Akanitazama kuona kama nitalegea. Sikulegea.

"Kutoka barazani," akakubali. "Chukua, Enok."

Nikamnyanyua mpaka kwenye msumari. Aliutoa mjeledi mwenyewe, ukamwangushia vumbi usoni, akapiga chafya, akamwelekezea mpini. Mzee Enok alisimama bila fimbo. Aliupokea kwa mikono yote miwili.

"Asante, Baba," akasema.

Kisha akaenda barazani akafunga mlango nyuma yake. Tulimwona dirishani. Alikuwa amesimama tu, anawatazama mbwa, mmoja mmoja. Kahawa yake ikapoa, Regine akainywa. Regine hakucheka. Alijipangusa pua kwa kitambaa changu cha meza, nikamwacha.

Alipoingia alikuwa na theluji kwenye nyusi. Akapiga goti lile zima mbele ya Tobiasine.

"Sasa sikia, Baba. Ua ni wangu. Hakuna anayeingia mpaka mimi nimwambie. Hata wewe."

Nikangoja kilio. Tobiasine akatikisa kichwa kukubali, taratibu, kama mzee wa kanisa. Kisha akasema anataka sukari.

Nikampa mimi mwenyewe.

12 Machi

Mzee Enok amemwambia Tobiasine hapana. Mara mbili. Kuhusu shoka na kuhusu keki. Baada ya kila moja alikuja jikoni kunitazama, kama mtu aliyejaribu barafu kwa mguu akaikuta inambeba.

14 Machi

Kamba ya mlango nimeitoa. Nimejificha nyuma ya pazia. Tobiasine ametoka, amefika ngazi ya mwisho, amesimama. Kijivu amesimama naye, amenyoosha mnyororo. Wametazamana. Kisha mtoto akaketi kwenye ngazi, akaanza kumsemesha kutoka palepale. Nimehesabu mpaka mia tatu. Hajashuka.

Nimefanya hivyo siku nne sasa, asubuhi na mchana.

16 Machi

Nimelala mchana saa tatu nzima. Hakuna aliyeniamsha. Salik alikuwa kwa Mzee, wamelala wote wawili kitini.

20 Machi

Helikopta imekuja, imechukua barua na mwalimu mmoja mwenye jino bovu, imeondoka. Sisi tulikuwa barazani tunaitazama, mimi mikono imejaa damu ya sili niliyekuwa nikiwakatia mbwa, mpaka viwiko. Jina letu nililifuta juzi kwa redio. Mzee Enok alikuwa hajui. Alikuwa ameniwekea samaki wa safari kwenye mfuko, amefunga vizuri kwa kamba. Nilimrudishia mfuko nikamwambia aufungue, tutakula jioni.

"Bibi ameamua?" akauliza.

"Bibi ameamua."

Akaingia ndani haraka, akisema jiko linazima. Jiko lilikuwa halizimi.

2 Aprili

Mzee ameendesha mbwa mwenyewe, mguu umefungwa kwenye sleji kwa mkanda, mjeledi wa babaye mkononi. Ametupeleka mpaka mdomo wa fiordi, mimi na watoto ndani ya ngozi. Tobiasine alinyamaza njia nzima, kama mtu aliyeacha kazi akikagua kazi za wengine. Tuliporudi akasema, "Umejitahidi, Enok." Mzee alicheka mpaka akakohoa, kisha akaniambia maneno hayo hakuwahi kuyasikia.

18 Aprili

Barafu imeanza kuwa nyeusi ukingoni. Regine anaondoka kesho kwenda mjini na posta, na baada yake hakuna sleji itakayopita mpaka meli ije. Kwa hiyo nafunga daftari hapa, usome, na kitanda cha ukutani kitandue. Aqqalu ametuma salamu kwa redio, ananiuliza atuchukue akielekea kusini au aje kukaa. Nimemwambia aje kukaa, baba yake ana ua sasa, anahitaji mtu wa kupokea amri zake.

Ninavyohitaji kwa meli ya kwanza ni hivi, usiongeze, usipunguze:

Sufu ya kijivu, ile nene, mafungu sita. Ni ya soksi za Mzee Enok, na ya mguu mbovu nitaifuma maradufu.

Buti za mpira za Tobiasine, namba ishirini na saba.

Nepi za kitambaa kumi na mbili. Zile za kwanza zimevunjika kweli.

Cherehani yangu, na sindano zake zilizo kwenye kopo la biskuti.

Paja moja la kondoo lililokaushwa. Mzee anasema hicho ni chakula cha watu wasio na bahari, nataka nimwone akiomba kipande cha pili.

Zabibu kavu, pakiti mbili.

Mbwa usitume, najua utatania. Sheria hairuhusu wa huko kuja huku, na Mkubwa naye haruhusu.

Na kile kiti kidogo cha mbao cha Mama, kilichokuwa karibu na jiko. Kile chenye mgongo, si kigoda. Kifunge kwa magunia miguu isivunjike. Ni cha barazani. Mzee Tobias ameacha kazi, na hana pa kukaa.